Sindano ya Ijumaa

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Nimerudi kwa daktari na mke wangu. Siku mbaya! Si kwa sababu ya maradhi. Kwa sababu ya chakula.

Nassra ana miaka hamsini na sita. Kilo mia na ishirini na moja. Muuguzi alinambia nitazame pembeni wakati akipimwa. Sikutazama pembeni. Nassra akaona kuwa sikutazama pembeni.

Daktari Hind ni mdogo wa umri, ana miwani mikubwa na sauti ya chini. Kasema sukari imepanda, presha imepanda, na magoti yamechoka kubeba. Kasema unene wa namna hii ni maradhi kama maradhi mengine, si aibu wala si uvivu. Nikatikisa kichwa kwa nguvu. Daktari mzuri sana! Kisha akaharibu. Kasema ipo sindano, mara moja kwa wiki, inapunguza njaa. Mtu anakula vijiko vichache, anatosheka, anaacha.

Nikauliza, anaacha kula nini? Kasema kila kitu kinapungua, mzee wangu.

Nassra alicheka. Mimi sikucheka. Mimi na Nassra tumeoana miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo tunakula sahani moja. Watoto wamekua, wametawanyika, Muscat na Dar es Salaam, sahani imebaki. Ina upande wangu na upande wake. Mfupa wenye mafuta ndani unasukumwa kwake. Ukoko unakuja kwangu. Hatukupata kukubaliana kwa maneno. Ndivyo ilivyo tu.

Tumepewa wiki ya kufikiri na karatasi ya kusoma. Vizuri! Nilisomesha jografia miaka ishirini na tisa, karatasi sizichelei. Nimepiga mstari katikati ya ukurasa wa daftari hili. Kushoto faida, kulia hatari. Kulia nimeandika: hatakula na mimi tena. Kisha nimelifuta. Si jambo la kisayansi.

Jumatano, 4 Septemba

Mpango wa kwanza: kumtisha kwa elimu.

Wakati wa chai ya asubuhi nilivaa miwani, nikasoma ile karatasi kwa sauti ya darasani. Kichefuchefu. Kutapika. Kufunga choo. Kuharisha. (Vipi mtu mmoja afunge choo na aharishe? Nilisita hapo kwa makusudi, apate kutafakari.) Vijiwe kwenye nyongo. Kongosho kuvimba, mara chache, lakini likitokea ni kulazwa. Misuli kupungua pamoja na mafuta. Na ukiacha dawa, kilo zinarudi!

Nilisoma vizuri sana. Hata mimi niliogopa.

Nassra aliendelea kuchovya mkate wa ajemi kwenye chai. Kisha akauliza nyuma ya karatasi kumeandikwa nini. Nikasema hakuna kitu, peupe. Akanyoosha mkono. Akageuza. Nyuma kumejaa! Sukari kushuka. Presha kushuka. Moyo kupata nafuu. Magoti kupata nafuu. Kulala vizuri. Amesoma mpaka mwisho, polepole, kidole kikifuata mstari. Kisha akanirudishia karatasi na kuniuliza kama miwani yangu inahitaji kubadilishwa.

Saa nne akaja Riyama, shemeji yangu, mdogo wake Nassra. Tangu arudi kutoka Muscat anaishi na mama yao hapa mjini, Malindi. Alipiga sindano hizo huko mwaka mzima, akapungua kilo kumi na nane, na mwezi wa saba akaziacha; anasema yeye keshamaliza. Siku hizi anavaa mkanda juu ya gauni. Mkanda! Nikamuuliza kwa upole jana usiku alikula nini. Kasema nusu kikombe cha mtindi. Nikamtazama Nassra kwa ushindi. Nassra hakuwa akinitazama mimi. Wala hakuwa akiutazama mkanda. Alikuwa akimuuliza mdogo wake zile ngazi za kwa mama anazipanda mara ngapi kwa siku.

Riyama kasema hajui, hajawahi kuzihesabu.

Ijumaa, 6 Septemba

Mpango wa pili: kuonesha kuwa sindano haihitajiki. Kutembea! Bure, halali, haina kichefuchefu. Nilichora ramani. Kutoka kwetu Kiponda, kupitia Malindi, mpaka Forodhani na kurudi. Nikaweka vituo na muda wa kila kituo.

Tulitoka baada ya alasiri. Kituo cha kwanza hatukukifika. Nassra alikaa kwenye baraza ya watu, akainuka, akakaa kwenye baraza nyingine, akainuka. Baraza ya tatu alikaa kabisa. Mwenye nyumba alituletea maji, akadhani tumetoka msibani. Kumbe hakuna aliyefiwa. Ramani yangu ikabaki mkononi.

Kasema, "Mwalimu, mimi nnajua kutembea. Magoti ndiyo hayajui."

Kasema mara tatu keshajinyima, mara tatu kapungua, mara tatu kilo zimerudi na nyongeza. Kasema mara ya mwisho alikula matango miezi minne, na mimi nilikuwa sijui kwa sababu alikuwa akisukuma nyama upande wangu nami nikila. Kweli sikujua! Nilidhani ni mapenzi.

Kutoka pale mpaka kwa mama yake ni hatua chache, tukafika. Bi Dalal, mkwe wangu, ana miaka themanini na nne na anakaa ghorofa ya tatu. Tangu avunjike nyonga hashuki. Nassra kwa magoti yake hapandi. Huu mwaka wa pili sasa wanaonana kwa dirisha. Nassra alisimama uchochoroni, akainua uso, akapaza sauti: "Mama, shikamoo!" Kutoka juu ikaja marahaba, nyembamba kama uzi. Kikapu kikateremka kwa kamba. Nassra akatia vileja alivyooka, akagonga kikapu mara mbili, kikapanda. Alikitazama mpaka kikaingia dirishani.

Mimi nilitazama ukuta. Kisha nikamchukua tukala urojo. Mimi bakuli mbili, kwa huzuni. Yeye moja. Jioni njema sana. Sijui kwa nini watu wanataka kuzibadilisha jioni kama hizi.

Jumatatu, 9 Septemba

Mpango wa tatu: shahidi!

Jumamosi nilisikia msikitini kuwa yuko mwanamke Chwaka, Bi Khamisa, sindano hizo zilimlaza hospitali. Jana nikaenda hadi Chwaka. Nikamkuta uani anaanika mwani. Mama mkarimu, nikapewa dafu na samaki wa kukaanga, na nikapewa habari yote. Alinunua sindano kwa mtu asiyemjua, aliyempata kwenye simu. Karatasi ya jina ilikuwa ikibanduka. Hakuna daktari, hakuna kipimo. Akajipiga kiasi kingi ili apungue haraka kabla ya harusi ya mpwa wake. Akatapika siku tatu mpaka akazirai, akawekewa maji ya mshipa siku nne. Harusi ikapita yeye yuko kitandani.

Nilisikitika. Nilifurahi pia. Mungu anisamehe.

Leo kwa daktari niliisimulia habari hiyo kwa mikono miwili. Daktari Hind aliisikiliza mpaka mwisho, hata akaandika. Kisha kasema ahsante, mwalimu, hii ndiyo sababu haswa ya kuichukua kwenye duka la dawa linalojulikana, kuanza na kiasi kidogo, na kurudi kwangu kila mwezi. Shahidi wangu akahamia upande wa pili!

Akamuuliza Nassra maswali. Kongosho lilipata kumsumbua? Hapana. Nyongo? Hapana. Katika ukoo yuko aliyepata saratani ya tezi ya shingo? Nikanyoosha mkono. Nikasema shangazi yake, marehemu, alikuwa na shingo kubwa sana. Nassra kasema shangazi yake alikuwa na mikufu mingi sana. Daktari akaniomba niteremshe mkono.

Lakini nikiri, hakuficha kitu. Kasema atapata kichefuchefu, hasa mwanzo. Maumivu makali ya tumbo yasiyoisha, aje mbio. Ale samaki, mayai, maharage, na ainue vitu vizito kidogo, misuli isipotee. Na kasema si dawa ya miezi miwili. Huenda ikawa ya miaka, na akiiacha uzito hupenda kurudi. Kasema si kila mtu inamfaa, na akisema hapana atamtibu vilevile.

Nassra aliuliza swali moja tu. "Nitaweza kupanda ngazi?"

Daktari kasema hawezi kumuahidi. Kasema anatumai.

Nassra akasema bismillahi.

Ijumaa, 13 Septemba

Sindano ya kwanza. Amechagua Ijumaa ili asisahau.

Ni kama kalamu nene. Dozi nne ndani yake, moja kila wiki. Sindano yenyewe nyembamba kama unywele. Muuguzi alimuonesha, na Nassra akajipiga mwenyewe tumboni. Kasema haikuuma hata kidogo.

Niliyeanguka ni mimi. Si kuanguka hasa. Nilikaa chini bila kupanga. Nikaletewa juisi ya ukwaju, na mgonjwa akanipepea kwa ile karatasi yangu ya hatari.

Jumapili, 15 Septemba

Biriani ya kuku. Nassra kala vijiko vinne. Nilivihesabu. Kisha akasema Alhamdulillahi na kuusukuma upande wake wote kwangu, pamoja na mfupa. Mfupa! Nikala upande wangu, kisha nikala upande wake, maana kutupa chakula ni dhambi. Nilikula peke yangu mbele ya mke wangu. Ladha ilikuwa ileile lakini haikwenda mahali pake.

Baada ya adhuhuri alitapika. Nilimshika paji la uso, nikamuosha uso, nikamlaza ubavu. Kisha nikaja kwenye daftari, nikaandika upande wa kulia: KUTAPIKA, kwa herufi kubwa, na mstari chini yake. Nilipogeuka alikuwa amefungua macho, ananitazama.

Kasema, "Usiandike hilo kwa furaha."

Nimelifuta. Nimeandika upya kwa herufi ndogo.

Alkhamisi, 26 Septemba

Wiki mbili sasa nnakula chakula cha watu wawili. Mpango wa nne. Huu sina fahari nao, lakini ni mzuri.

Kesho ni Ijumaa, sindano ya tatu. Nnataka wiki moja tu. Ijumaa moja na mke wangu, tule boko-boko sahani moja, kama zamani, kisha aendelee na sindano zake mpaka Kiyama. Hiyo ni nyingi? Kwa hiyo nimeiondoa kalamu kwenye mlango wa friji, nimeifunga kwenye mfuko mweusi, nimeitia juu kwenye barafu, chini ya pweza. Nassra siku hizi hafungui huko. Harufu ya pweza inamchafua moyo. Jumamosi nitaivumbua. Dawa ni kitu cha baridi. Nimeiweka mahali pa baridi zaidi. Itanishukuru.

Ijumaa, 27 Septemba

Baya kuliko yote.

Asubuhi Nassra kafungua friji, hakuiona. Nikamsaidia kutafuta. Nilitafuta kwa bidii! Nilitafuta kwenye kabati ya nguo. Nilitafuta ndani ya kiatu. Hapo ndipo alipoacha kutafuta na kuanza kunitazama. Ametazamwa na mimi miaka thelathini na moja, lakini yeye ndiye aliyejifunza kutazama.

Akaenda moja kwa moja kwenye barafu. Akamnyanyua pweza.

Kalamu ilikuwa imeganda. Ndani dawa imefanya ukungu mweupe. Tukampigia Daktari Hind. Kasema ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka; itupwe.

Nassra hakupiga kelele. Bora angepiga. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, kalamu mapajani, na kuniuliza, "Kwa nini, Mkadam?"

Mtaa mzima unaniita Mwalimu, na yeye pia. Akiniita jina langu, jambo ni zito.

Nilikuwa na majibu manne, yote ya kisayansi. Lililotoka ni jingine. Nikasema, "Atakula na mimi nani?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye ile kalamu, yakamlowesha kanga, hakuyapangusa.

Kasema, "Huu mwaka wa pili sijamnusa mama yangu kichwa."

Kasema Bi Dalal nywele zake zinanuka karafuu na mafuta ya nazi tangu yeye mtoto. Kasema kikapu kinaposhuka yeye hunusa kitambaa cha ndani kabla ya kutia chakula, nami siku zote nilidhani anakagua kama ni safi. Kasema kila siku simu ikilia anadhani ni Riyama anamwambia mama keshaondoka, na yeye atasimama uchochoroni, na safari hiyo hakitoteremshwa kikapu. Ataletwa mama mwenyewe, kwenye jeneza.

Kisha kasema, "Nataka kuishi, Mkadam. Nawe unanificha chini ya pweza."

Nilivaa kofia, nikachukua lile pipa dogo la baridi la kuendea ufukweni, nikaenda duka la dawa alilotuelekeza daktari, Kikwajuni, kwa miguu, jua la saa sita. Nilirudi nimelikumbatia kama mtoto mchanga. Watu walinipisha njia. Nassra alijipiga sindano saa nane, mimi nimeshika pipa, na safari hii sikukaa chini.

Boko-boko niliwapelekea majirani. Sikuitamani.

Ijumaa, 11 Oktoba

Leo kiasi kimeongezwa, kama daktari alivyopanga. Kichefuchefu siku mbili tatu, kisha kinapita. Choo kimekuwa kigumu. Anakunywa maji na kula papai. Ameniruhusu niandike.

Nimegundua jambo. Hali, lakini haondoki! Anamaliza vijiko vyake, ananawa, anabaki pale pale, mkono kidevuni, anazungumza. Zamani alikuwa akila kimya, maana pilau lake ni la kunyamazia. Sasa nimejua kuwa alipokuwa na miaka kumi alitaka kuwa nahodha. Nimejua kuwa siku ya posa yangu alikuwa nyuma ya pazia na alidhani mposaji ni yule rafiki yangu mrefu. Miaka thelathini na moja sikulijua hili! Nimeumia kidogo. Nikamuuliza alipogundua ni mimi ilikuwaje. Kasema alilia. Kisha kasema alinyamaza.

Ananyanyua vitu vizito, kwa ajili ya misuli. Anatumia atlasi zangu mbili kubwa. Afrika mkono wa kulia, Asia wa kushoto. Asia nzito zaidi. Nilimuonya asizitoe gamba. Ametoa gamba la Asia.

Na yote anayoyabakisha nnakula mimi. Mtu lazima afanye kazi hiyo.

Jumapili, 3 Novemba

Riyama kaja bila mkanda. Kilo sita zimemrudia tangu aziache sindano. Kasema njaa imerudi na hasira, kama aliyefungiwa nje. Alilia. Nilikuwa na hotuba nimeiandaa tangu Septemba, inaanza na neno "Nilisema". Nilifungua mdomo.

Nassra akanitia kitumbua ndani ya mdomo.

Kisha akamkumbatia mdogo wake, akamwambia hakufanya kosa lolote, maradhi yamerudi kama presha inavyorudi mtu akiacha vidonge, na kesho watakwenda wote kwa Daktari Hind, waulize anahitaji nini. Riyama akapumua. Kitumbua kilikuwa kizuri. Nikala na vinne vilivyobaki.

Jumamosi, 30 Novemba

Naandika kabla ya kuvua kofia.

Leo asubuhi Nassra kasimama uchochoroni, chini ya dirisha la mama yake, na kikapu kikaanza kuteremka. Akakigonga mara mbili bila kutia kitu, kikapanda. Kisha akaingia mlangoni.

Sikujua! Hakunambia. Kilo mia na kumi na mbili, nilimpima mwenyewe jana, lakini hakunambia. Nikamfuata mbio. Ngazi za nyumba ile ni za mbao, zimesimama wima, na kamba badala ya mkono wa ngazi. Nilikaa nyuma yake ili akianguka nimdake. Ningemdaka vipi sijui. Tungeshuka wote.

Ghorofa ya kwanza alipumzika, akahesabu pumzi. Ya pili alikaa kwenye ngazi, jasho linamtoka, goti la kushoto amelishika kwa mikono miwili. Nikamwambia yatosha, tutakuja tena wiki ijayo. Akasema "ya Rabbi", akashika kamba, akainuka. Vidato thelathini na nane. Vya mwisho sita alivipanda kimoja kimoja, miguu yote miwili juu ya kila kidato, kama mtoto anayejifunza.

Bi Dalal alikuwa dirishani, mgongo kwetu, ameshika kamba ya kikapu kitupu na kumgombeza Riyama kuwa chakula kimeibwa. Nassra hakuweza kuzungumza, pumzi hana. Alivuka chumba, akamkumbatia mama yake kwa nyuma, akazamisha uso kwenye nywele zake. Akabaki hapo.

Yule bibi hakugeuka. Aliachia kamba. Alipandisha mkono wake mkavu, akaupapasa uso wa binti yake, pua, shavu, sikio. Kasema, "Umechelewa."

Kasema Nassra, "Ngazi nyingi, mama."

"Nnazijua. Mimi ndiye niliyekufundisha kuzipanda."

Mimi nilikwenda dirishani kushughulikia ile kamba. Kamba ilihitaji kushughulikiwa muda mrefu sana.

Nilipogeuka, macho nshayafuta, Bi Dalal alikuwa ananitazama kutoka juu mpaka chini. Nikampa shikamoo yake. Kasema marahaba. Kisha kasema mbona umevimba hivyo, Mkadam, na kwa nini ni wewe unayehema?

Jumatatu, 2 Desemba

Kwa daktari. Daktari Hind alipiga makofi aliposikia habari ya ngazi, kisha akaona haya, akarudi kwenye makaratasi. Sukari ya Nassra imeshuka. Presha imeshuka. Dawa iendelee, na wataangalia kila mwezi.

Kisha akaniomba nipande mizani mimi.

Nilimuuliza kwa nini, mimi si mgonjwa, mimi ni msindikizaji. Nikapanda. Muuguzi akamwambia Nassra atazame pembeni. Hakutazama pembeni! Nimeongezeka kilo tisa tangu Septemba. Tisa. Nassra amepungua tisa. Hakuna kilichopotea katika nyumba yetu, kimehama upande. Nassra alicheka mpaka akashika meza, na daktari naye, na muuguzi, na mwisho mimi, maana kubaki peke yangu nisiyecheka kungeonekana vibaya.

Nikatobolewa kidole. Sukari imeanza kupanda kidogo. Daktari kasema sindano kwangu bado, tuanze kwa njia nyepesi. Nitembee kila siku. Niache kumalizia vya mwenzangu. Na nisile tena kwenye sahani kubwa. Nipakuliwe kwenye kisahani. Alinitazama ndani ya macho na kuuliza kama nimeelewa.

Nikasema nimeelewa. Nikampa mkono. Nikamuapia. Njiani kurudi nilimwambia Nassra kuwa mwanamume wa miaka sitini na mbili anapaswa kujua kujifunza, na kwamba miezi hii mitatu imenifunza mengi juu ya nafsi yangu, tamaa yangu, na hila zangu zisizo na maana. Alinishika mkono hadharani, pale karibu na Darajani. Hajafanya hivyo tangu tulipokuwa maharusi. Alisema ananiamini.

Tumefika nyumbani. Anapika mchuzi wa pweza. Harufu haimchafui tena.

Nimeyatafakari maneno ya daktari neno kwa neno, kama inavyompasa mwalimu. Kasema kisahani. Hakusema vingapi.

Nimetazama kabatini. Tunavyo kumi na viwili.